Vanishi ya kibaraza imebanduka kabla ya mwaka: nipake nini sasa?

"Mwaka jana mwezi wa nane nilijengewa kibaraza cha mbao mbele ya nyumba, hapa Tukuyu. Sakafu ni paini iliyonunuliwa Mafinga, nguzo ni mlingoti. Fundi alipaka vanishi koti tatu, ikang'aa vizuri sana. Mvua za mwezi wa tatu zilipokolea vanishi ikaanza kutoa malengelenge, na sasa inabanduka vipande vipande, hasa upande wa mbele unaonyeshewa. Chini yake mbao zimeshika madoa meusi. Fundi anasema tukwangue tupake vanishi ya bei kubwa zaidi. Jirani anasema nipake oili chafu ya gari, ndiyo dawa ya mbao. Kijana wangu aliyeko Dar anasema kosa ni paini, ningeweka mninga. Mimi ni mwalimu mstaafu, hela niliyotumia ni ya kiinua mgongo, sitaki kuimwaga tena. Nipake nini, na nitarudia kila baada ya muda gani?"

Mwalimu, shikamoo. Umeuliza nipake nini na nirudie lini, lakini naona kinachokusumbua zaidi ni umsikilize nani kati ya hawa watatu. Kwa sakafu yako hakuna hata mmoja aliyepatia, ingawa kila mmoja ameshika kipande cha ukweli. Nianze na kilichotokea kwenye kibaraza chako, maana ukikielewa hicho, duka la rangi halitakubabaisha.

Ubao wowote hunywa unyevu mvua zikianza na kuutoa kiangazi. Ukinywa unatanuka, ukitoa unasinyaa. Ubao wa paini wa inchi 6, kutoka ukavu wa mwezi wa kumi hadi ulowevu wa mwezi wa nne, unaweza kuongezeka upana kwa milimita 2 hadi 3. Urefu wake haubadiliki kiasi cha kuonekana. Vanishi haizami ndani ya ubao. Inakaa juu kama ngozi, na ngozi hiyo ikishakauka inakuwa ngumu. Ubao ukitanuka na kusinyaa mwaka mzima, ngozi inavutwa na kuachiwa, inavutwa na kuachiwa, mpaka inapata nyufa ndogo ambazo huwezi kuziona kwa macho. Mvua inazipata. Maji yanaingia kwa ufa, yanasambaa chini ya vanishi, na jua likitoka yanataka kutoka kama mvuke. Njia hayana. Yanaisukuma ngozi juu, ndiyo malengelenge uliyoyaona. Ni kama ugali uliofunikwa ungali moto: mfuniko unalowa kwa ndani, si kwa nje.

Jua nalo lina lake. Vanishi isiyo na rangi inapitisha mwanga, ndiyo maana unaona mbao chini yake. Mionzi mikali ya jua inapita humo humo na kuvunja ile gundi ya asili inayoshikanisha nyuzi za mti, ambayo wataalamu huiita ligini. Haiingii ndani sana, haifiki hata sehemu ya kumi ya milimita, lakini hapo hapo ndipo vanishi ilipojishikiza. Gundi ikivunjika, vanishi inakuwa imeshikilia vumbi la nyuzi tu. Geuza kipande kilichobanduka uangalie upande wa chini: ukiona unyoya mwembamba wa mbao umegandia, jua ndilo lililomaliza kazi. Ukiona pasafi na panateleza, ni unyevu. Kwako nadhani utakuta vyote viwili. Na sisi wa nyanda za juu tunadanganywa na baridi. Mionzi hii huongezeka kwa karibu asilimia 10 kila ukipanda mita 1,000, kwa hiyo kibaraza cha Tukuyu au Njombe, ingawa mwenyewe umejifunika shuka, kinachomwa kuliko cha pwani saa ile ile mbingu ikiwa wazi.

Halafu kuna jambo ambalo hukulitaja, na mimi ndilo ninalolishuku kwanza. Mbao zilikuwa kavu zilipopakwa? Paini nyingi ya Sao Hill na mashamba ya watu binafsi ya Mufindi huuzwa ingali mbichi: imepasuliwa wiki hii, wiki ijayo iko juu ya lori. Ubao wa inchi moja uliopangwa vizuri kivulini, na vijiti katikati ya kila tabaka ili hewa ipite, unahitaji wiki kadhaa za kiangazi kukauka vya kutosha, na mwezi wa saba kwenye ukungu unahitaji zaidi. Kama mbao zako zilishushwa Jumatatu zikapigiliwa Alhamisi, zilifungiwa maji yake ndani siku ile ile. Dalili yake ni nyepesi kuiona. Pima nafasi kati ya ubao na ubao. Kama fundi alizibananisha zikagusana na leo kuna nafasi inayoonekana wazi, zilikuwa mbichi.

Sasa turudi kwa washauri wako.

Fundi anataka vanishi ya bei kubwa zaidi. Zipo vanishi za nje zilizo bora kweli, laini kidogo ili zivutike na mbao, zenye kinga ya mionzi. Zinafaa mlango, dari ya kibaraza, kiti kilicho ndani ya upenu. Kwenye sakafu inayonyeshewa na kukanyagwa, ya bei kubwa itakupa labda mwaka mmoja zaidi kisha itabanduka vile vile, na kuikwangua ni kazi ngumu zaidi kwa sababu imeshika kwa nguvu pale isipobanduka. Muulize pia alitumia kopo gani. Vanishi ya makabati na vitanda, ile inayokauka ndani ya nusu saa, haikutengenezwa kwa ajili ya mvua hata kidogo, na mafundi wengi wa samani ndiyo wanayoizoea. Simlaumu, mteja anapenda kitu king'ae siku ya kukabidhiwa.

Kijana wako anasema mninga. Mninga ni mbao nzuri mno, kiini chake hakiozi upesi, na sifa yake kubwa ni kwamba hautanuki na kusinyaa sana, hivyo vanishi ingedumu juu yake kidogo zaidi. Lakini jua lingeibandua tu. Tena ni mti wa misitu ya asili, bei yake unaijua, na sehemu nyeupe ya nje ya gogo la mninga inaliwa na kuoza kama mti mwingine wowote. Kung'oa sakafu nzima ya paini yenye umri wa chini ya mwaka ili uweke mninga ni kutupa pesa. Paini inafaa kibaraza ikiwa imetiwa dawa na ikakaushwa.

Hilo la dawa ulihakikishe. Mbao za dawa zina kijani chepesi, lakini kijani chenyewe si ushahidi. Dawa inayofaa kwa nje husukumwa ndani ya mbao kwa shinikizo kwenye mtungi maalumu. Kuchovya kwenye pipa kunapaka ngozi tu. Tafuta kipande kilichobaki, kikate katikati, si mwishoni, uangalie. Kama ukijani umeingia mpaka ndani, ulipewa mali. Kama ni mstari mwembamba pembeni na katikati ni peupe, zimechovywa, na hapo kinga yako yote itategemea unachopaka na jinsi maji yanavyokimbia. Dawa iliyozoeleka zaidi ya aina hii ina shaba, kromiamu na aseniki. Kwa hiyo vumbi lake usilivute, na vipande vilivyobaki visiingie jikoni kama kuni wala kuchomwa na takataka.

Kwa jirani yako nitakaa kidogo, maana ushauri wa oili chafu unatembea kuanzia Makambako hadi Kyela na unaonekana una hekima: ni ya bure, maji yanateleza juu yake, na nguzo za uzio zilizopakwa zinaonekana kudumu. Kasoro ya kwanza ni kwamba oili ya injini haikauki. Mafuta ya kitani, yanayotokana na mbegu, yakikutana na hewa hugeuka kitu kigumu ndani ya vinyweleo vya mbao. Oili ya injini inabaki oili. Utaiona kwenye soksi, kwenye kanga, kwenye magoti ya wajukuu, na mvua itaishusha taratibu kwenye migomba yako. Ya pili, oili iliyotumika imebeba chembe za vyuma na masizi ya injini ambayo hayafai kwa ngozi ya binadamu, sembuse mtoto anayetambaa. Ya tatu ndiyo itakayokuumiza mfukoni: ikishaingia kwenye mbao, hakuna rangi wala vanishi wala mafuta mengine yatakayoshika tena. Ukiamua baadaye kubadili, unabadili mbao. Kwenye kibaraza cha kukalia watu, hapana.

Ningepaka nini mimi? Kwa sakafu, steini ya nje ya mafuta, aina ya kuzama ndani, yenye rangi na dawa ya kuvu. Haiachi ngozi juu, kwa hiyo hakuna cha kubanduka. Inachakaa na kufifia, na unapaka nyingine juu yake bila kukwangua. Chagua yenye rangi ya kahawia ya kati, usichukue isiyo na rangi: chembe za rangi ndizo mwavuli wa jua. Hasara yake nikuambie wazi. Haing'ai, itafifia mapema mbele kuliko nyuma, na utairudia mara nyingi kuliko matangazo yanavyosema.

Utasikia pia habari ya mafuta ya kitani peke yake. Iringa mjini, ambako mvua ni chache na hewa kavu, ningeyakubali. Tukuyu, ambako mvua hupita milimita 2,000 kwa mwaka na ukungu unalala mpaka saa nne, kuvu hula mafuta hayo kama chakula na sakafu inakuwa nyeusi. Ukiyapata ya bei nafuu, yatumie chini ya upenu tu, na yawe yale yaliyochemshwa, kwa sababu mabichi hukaa yakinata siku nyingi.

Nguzo na kingo ni habari nyingine. Hazikanyagwi, maji hayatuami juu yake, hivyo rangi ya mafuta ya kawaida, prema (rangi ya msingi) kwanza kisha koti mbili, inakaa miaka mingi. Rangi isiyopitisha mwanga ndiyo kinga kubwa kuliko zote dhidi ya jua. Kama unapenda kuuona mlingoti wenyewe, paka steini ile ile ya sakafu; kwenye nguzo itadumu karibu mara mbili. Kuna pia njia ya kutopaka kitu. Paini iliyotiwa dawa kwa shinikizo, ikiachwa, inageuka kijivu na kupata nyufa ndogo, lakini kijivu hicho si uozo. Ni suala la macho, na vijibanzi vitakavyochoma miguu mitupu.

Kuhusu kazi yenyewe: unaniandikia mwezi wa sita, na hilo ni jema. Vanishi ianze kutolewa sasa, kupaka kusubiri. Mkwanguo wa chuma kwanza, kisha msasa namba 60, umalizie na namba 80. Usiende laini zaidi ya hapo. Watu wanasugua sakafu kwa namba 180 kama meza ya chakula, vinyweleo vinajifunga na steini inakosa pa kuingia. Vaa barakoa. Kipimo cha kuona kama vanishi imetoka yote ni maji: nyunyiza matone, pale yanapokaa duara bila kuzama bado kuna vanishi.

Kwa madoa meusi, weka tone la jiki juu ya doa usubiri dakika chache. Likififia, ni kuvu wa juu. Osha sakafu kwa jiki sehemu 1 na maji sehemu 4, acha robo saa, sugua, suuza kwa maji mengi, na usichanganye jiki na dawa nyingine yoyote ya usafi wala asidi. Doa likibaki na limezunguka msumari, hasa kwenye mlingoti, hiyo ni kutu imekutana na utomvu wa mti; ng'oa msumari uweke skrubu isiyoshika kutu. Likibaki na hakuna msumari, chukua bisibisi uchome. Mbao nzima inakukatalia. Ikizama bila nguvu na nyuzi zikakatika vifupi vifupi, hapo pameoza, ubao huo unatoka. Na usipake juu ukidhani utauzuia uozo: kuvu wa kuozesha wanahitaji unyevu unaozidi asilimia 20 hivi ndani ya mbao, na rangi juu ya ubao mlowevu inawatunzia huo unyevu.

Kisha ziache mbao zipumue mpaka mwezi wa tisa. Jua la wiki hizo litaichosha ngozi ya mbao tena, kwa hiyo asubuhi ya kupaka pitisha msasa mwepesi na ufute vumbi. Tafuta siku tatu kavu mfululizo. Anza umande ukishaondoka, saa nne hivi, maliza kabla ya saa tisa ili usiku usiikute ikiwa mbichi, na ufuate kivuli, usipake ubao unaochoma kiganja. Mwambie fundi aanzie kwenye ncha za mbao, pale msumeno ulipokata. Maji huingia kwenye ncha mara nyingi zaidi kuliko kwenye uso wa ubao, kwa kuwa mirija ya mti iko wazi pale, na ndiyo sehemu ambayo brashi huiruka. Ncha zinywe mpaka zikatae. Uso apake kidogo, asubiri dakika 15 hadi 20, kisha afute kwa kitambaa chochote kilichobaki juu. Hapo ndipo mafundi waliozoea vanishi wanapogoma, wanaona unafuta pesa. Kisichofutwa kinanata wiki nzima na kushika vumbi la barabarani. Koti ya pili kesho yake. Lita moja itakwenda mita za mraba kati ya 6 na 10. Kama chini ya sakafu panafikika, paka na kule koti moja, la sivyo mbao zitajikunja kingo juu.

Na vile vitambaa, Mwalimu, nakuomba sana: visikunjwe vikatupwa kwenye kona ya stoo. Mafuta ya aina ya kitani yakikauka hutoa joto, na rundo la vitambaa linaweza kujiwasha lenyewe usiku bila kiberiti. Vianikwe kimoja kimoja nje mpaka vikakamae, au viloweshwe kwenye ndoo ya maji.

Baada ya hapo kazi yako ni ndogo. Mwezi wa tano mvua zikitulia na mwezi wa tisa kabla hazijaanza, mwaga kikombe cha maji mahali patatu: mbele, katikati, karibu na mlango. Maji yakikaa matone, achana napo. Yakizama ndani ya dakika chache na ubao kuwa mweusi, paoshwe, pakauke, papakwe. Kwa hali ya Tukuyu tarajia upande wa mbele kila mwaka, wa ndani kila miaka miwili. Usisubiri mpaka sakafu nzima iwe mbaya. Fagia majani kwenye nafasi za mbao, nyanyua vyungu vya maua kwa vigingi vidogo, na zulia la mpira la mlangoni liondoe masika, maana chini yake hapakauki kamwe.

Lakini ningekuwa na laki moja tu ya kutumia kwenye kibaraza hicho, nisingeanza na kopo lolote. Ningeongeza upenu wa mbele kwa bati la nusu mita na zaidi kidogo, na kufunga mfereji wa paa. Umeandika mwenyewe kwamba kinachobanduka zaidi ni pale panaponyeshewa. Angalia pia kama kuna hewa chini ya sakafu. Mawe au matofali yakiwa yameziba pande zote, toboa matundu. Na kama nguzo za mlingoti zimezikwa moja kwa moja ardhini, mlingoti hauwawezi mchwa hata ukipakwa nini. Zikatwe chini, zikae juu ya msingi wa zege na kiatu cha chuma, sentimita chache kutoka kwenye udongo.

Nguzo ndiyo sababu pekee ya mimi kukuambia umwite mtu aje kuona kwa macho. Chimba kidogo kwenye shina la kila nguzo uchome bisibisi, na tazama kama kuna njia za udongo za mchwa zinazopanda. Ukikuta pamelegea, au sakafu inadunda unapotembea, au ukingo unacheza ukiuegemea, tafuta fundi seremala anayejenga mapaa, si wa samani, aingie chini akague maboriti. Mpaka afanye hivyo, wageni wakae uani, na msasa ubaki dukani.